Hata mtoto wa Kakuma angechora hii. Sasa mbona hajaonekana?

Juzi nilimwonyesha rafiki yangu hapa Lodwar mchoro mmoja kwenye simu. Akautazama, akaigeuza simu juu chini, akacheka. "Bana, hii hata mtoto wa nasari anachora." Pengine nawe ungesema hivyo. Hebu nikueleze nilichomjibu.

Mchoro huo unaitwa Stadia II, wa mwaka 2004, na uko katika jumba la Carnegie Museum of Art, Pittsburgh, Marekani. Upana wake unapita mita 3.5. Utaona mistari myembamba inayozunguka kama viti vya uwanja wa mpira, vipande vya rangi kama bendera zilizokatwakatwa, na alama nyeusi zinazoruka kama vumbi la Kawalase. Hakuna mtu wala ng'ombe. Ni sanaa ya dhahania. Huko New York, kina Jackson Pollock waliivumisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakitaka rangi na mstari vibebe hisia bila kuiga sura ya kitu.

Lakini aliyechora Stadia II si Mzungu wa enzi hizo. Ni Julie Mehretu, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1970. Mwaka 2023, kazi yake nyingine iliuzwa mnadani kwa dola milioni 10.7. Kumbe jirani yetu!

Sasa fuata miaka. Mwaka 1977, Ethiopia ikiwa mikononi mwa Derg, familia yake ilihamia Michigan. Baba yake alikuwa mhadhiri wa jiografia, mama yake Mmarekani, kwa hivyo mlango ulikuwa wazi. Mwaka 1992 Julie akamaliza masomo katika Kalamazoo College. Mwaka huohuo wa 1992, kambi ya Kakuma ikafunguliwa kupokea watoto waliotembea kwa miguu wakikimbia vita vya Sudan. Muda si mrefu Waethiopia pia wakaletwa. Wengine walikuwa rika lake, na walitoka nchi moja naye.

Je, Julie pekee ndiye aliyekuwa na kipaji? Sidhani, nawe hudhani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nikapanda basi la usiku nikarudi Lodwar. Mama hakufurahi. Lakini hakuna aliyeniuliza kibali njiani, na nikitaka kurudi Nairobi kesho, ni nauli tu. Kijana wa rika langu aliyezaliwa Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka hapa, hana uhuru huo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inataja haki ya kutembea nchini, lakini pia inaipa serikali uwezo wa kutenga maeneo wanamopaswa kukaa. Ili atoke, kwanza anaomba karatasi. Mimi nilikuwa na nafasi ya kukosea na kujaribu tena. Yeye hata ya kukosea hana.

Utasema, "Watu wana njaa, wewe waleta habari za rangi?" Ni kweli, njaa ipo. Mwaka 2025 ufadhili ulipokatwa, mgao wa chakula ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili, na Kakuma watu wakaandamana. Lakini mambo hayo mawili ni fundo moja. Ukimzuia mtu asitoke kutafuta riziki, kisha ukapunguza sahani yake, umemfunga mara mbili.

Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi kuwa makazi ya kawaida, wakimbizi na sisi wenyeji tutumie shule, hospitali na masoko pamoja. Nauunga mkono. Ila ukisikia viongozi wakisifu majengo na mabilioni, wewe uliza swali dogo tu: je, msichana wa miaka 19 wa Kakuma anaweza kubeba michoro yake chini ya kwapa, apande matatu hadi Lodwar, kisha basi hadi Nairobi, bila kuomba ruhusa ya mtu?

Jibu likiwa hapana, basi kambi ni ileile, imebadilishwa jina tu.

Rafiki yangu alinyamaza kidogo, akaniomba simu autazame tena.