Mwenye Shida ni Kitambulisho

Kuna zoezi moja la tiba ya sanaa ambalo ningependa lizikwe bila matanga. Kijana anapewa karatasi, anaambiwa aikunje katikati, kisha achore uso wake: upande huu utamaduni wa nyumbani, upande ule wa shuleni. Halafu anaulizwa, "Unajisikiaje kuishi kati ya pande mbili?"

Swali lenyewe ni mtego. Limeshaamua mtoto amepasuka, sasa linatafuta ufa tu.

Mimi huandika kwa vibarua. Kimoja kilinipeleka Islii, kwenye warsha ya vijana Wakenya wenye asili ya Kisomali. Msichana wa miaka 15 alikataa kukunja karatasi. Akachora meza: wali na ndizi kando yake, halafu chapati na madondo. "Hii ni Jumamosi kwetu," akasema. Mwezeshaji akamuuliza, "Na mgongano uko wapi?"

Mgongano! Kwani ndizi imegombana na madondo?

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nadharia hazinitishi. Na sisemi tiba ya sanaa ni upuzi. Kuna mambo hayatoki mdomoni, lakini mkono ukishika kreyoni yanatoka. Aliyefiwa ama aliyekimbia vita anaweza kusaidika sana. Ninachopinga ni kumpa mtoto ugonjwa ndio upate wa kumtibu. Kuongea Kisomali na mamako, Sheng na maboyz, na Kiswahili sanifu kwa mwalimu si ugonjwa. Nusu ya Nairobi inaishi hivyo na hakuna anayeiitia mshauri.

Anayewachanganya hawa vijana tunamjua. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya Wasomali wapigwe msasa, wakapewa kadi za rangi ya waridi kuthibitisha ni wa hapa. Aprili 2014, katika msako wa Usalama Watch, maelfu walikamatwa na wengi wakazuiliwa uwanjani Kasarani. Kwa miaka mingi, ukifika 18 ulipeleka stakabadhi za wazazi, hata za babu, mbele ya kamati, wakati deski-mate wako hakuulizwa hayo. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza mwisho wa msasa huo. Sawa. Lakini lile swali la "wewe ni wa wapi hasa?" bado liko kwa matatu, kwa geti na darasani.

Halafu kijana huyo unamketisha chini na kumwambia shida iko ndani yake, aichore. Utambulisho wake uko sawa. Kitambulisho ndicho kimemsumbua yeye, mamake na babuye.

Friedl Dicker-Brandeis alifundisha watoto Wayahudi waliofungiwa na Manazi katika geto la Terezín. Aliwafundisha mistari, rangi, maua na kolaji, kama wanafunzi wengine wa sanaa, na akawahimiza watie majina yao kwenye kazi zao. Aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Michoro yapata 4,500 ilibaki, na mwanafunzi wake wa zamani, Edith Kramer, akawa mmoja wa waanzilishi wa tiba ya sanaa Marekani. Kwa hivyo fani hii ina mizizi mizuri. Wale watoto walikuwa wamepachikwa lebo na waliowafunga. Mwalimu wao akawaita wachoraji.

Basi mkija Islii, leteni rangi nzuri na mwalimu anayejua kuchora. Mje kila wiki, msije siku tatu kabla ya ripoti ya mfadhili. Kijana akitaka kuchora Messi, achore Messi. Aandike jina lake mwenyewe, na picha aende nayo kwao, isiishie kwa kalenda yenu. Pesa ikibaki, mlipieni nauli ya kwenda ofisi ya usajili, pamoja na mtu anayejua sheria wa kusimama naye pale dirishani.