Wenye Miguu na Wenye Kinga Wapate Njia Yao



Ndani ya mgodi, njia ya watu haichanganywi na njia ya malori. Sheria hiyo tunaijua na tunaifuata. Lakini tukiingia katikati ya Lubumbashi, mama mwenye mtoto mgongoni, mwanafunzi na mwenye kusukuma kinga yenye mifuko ya makala wanagombania ukingo mmoja na taksi-basi. Mguu uliovunjika barabarani unauma sawa na uliovunjika kazini.

Watu husema: falanga haziko. Ziko. Kwa sheria ya migodi ya 2018, kodi ambayo makampuni hulipa juu ya madini wanayouza hugawanywa: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa eneo panapochimbwa, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwaka 2015, Nairobi iliandika katika siasa yake kwamba 20% ya bajeti ya usafiri iwe ya waendao kwa miguu na kwa kinga. Wakubwa wetu waige. Waanzie njia zinazotoka Kenya na Kamalondo: ukingo wa simenti, mifereji iliyofunikwa, mahali pa kuvukia, taa.

Shaba ilizaa mji huu mwaka 1910. Sasa itufikishe nyumbani wazima.