Nani Kasema Kubeba Zege Ni Laana?

Hivi jamani, huu usemi ulianzia wapi? "Soma mwanangu, usiposoma utabeba zege." Umeambiwa wewe, nimeambiwa mimi, na sasa hivi ninapoandika kuna mzazi hapa mjini anamwambia mwanaye maneno hayo hayo. Zege tumeligeuza fimbo ya kuwachapia watoto. Sijawahi kusikia mzazi anayemtisha mtoto kwamba asipoangalia atakaa ofisini miaka 30 akihamisha mafaili, astaafu bila kukumbuka siku hata moja aliyoifurahia kazi yake. Hiyo tunaiita kazi nzuri!

Leo nataka kubishana na usemi huo. Nasema ufundi wa ujenzi ni miongoni mwa kazi chache zinazomtaka mtu atumie kichwa na mikono kwa pamoja kutwa nzima, na jioni akaona kwa macho yake alichokifanya. Kama kazi hiyo imekuwa ya mateso na kudhalilishwa, kosa si la mwiko wala pima maji. Kosa ni letu tunaoidharau.

Angalia hata lugha yetu inavyotusuta. Mchezaji akipiga chenga tatu akaingia kwenye boksi, uwanja mzima unapiga kelele: "Huyu fundi!" Mwimbaji akiimba vizuri tunasema ana ufundi. Lakini yule fundi mwenyewe, aliyesimamisha ukuta unaoegemea wewe, tunamwita "we fundi, njoo hapa." Sifa tumewapa wengine, mwenye jina tumemwachia vumbi.

Nani kasema hawatumii akili? Mwashi anapochora msingi anataka kona zikae sawasawa, nyuzi 90. Anapima mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye nyingine, kisha anapima mshazari. Ukija mita 5 kamili, kona imekaa. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras, ndugu yangu! Wewe uliikariri sekondari, ukaitema kwenye mtihani, ukaisahau. Yeye inamlisha. Anataka kuhamisha usawa kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine ambayo haioni? Anachukua mpira mwembamba unaoonyesha, anaujaza maji, basi. Maji hayadanganyi, yatakaa usawa mmoja ncha zote mbili.

Njoo kwa fundi bomba. Akilaza bomba la maji taka bila mteremko wa kutosha, uchafu unakwama. Mteremko ukizidi, maji yanakimbia na uchafu unabaki nyuma. Kwa hiyo anatafuta kipimo cha katikati, kama sentimita 2 na ushee kwa kila mita moja kwa bomba la inchi 4, huku akikwepa misingi, mizizi na ujinga wa aliyechimba kabla yake.

Na hilo zege lenyewe? Watu wa mjini tunasema "zege halilali" tukitania kwenye bia na mapenzi. Kumbe ni kemia. Maji yakishagusa saruji, saa imeanza kuhesabu. Ukiongeza maji ili limwagike kirahisi, umelidhoofisha. Ukishalimwaga, huliachi likaukiane na jua. Unalimwagilia siku kadhaa, maana nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28. Niambie ni kikao gani cha ofisini kwenu kinachodai umakini wa namna hiyo.

Kazi yangu ya uandishi inanifanya niulize watu wengi kuhusu kazi zao. Wa maofisini huanza na cheo: "Mimi ni Afisa fulani." Mafundi huanza na kazi. Fundi vigae mmoja kule Sinza alinieleza nusu saa nzima kwa nini huanzia katikati ya chumba na si ukutani: ukuta hauko sawa siku zote, na ukianzia katikati, vipande vya kukata vinalingana pande zote mbili na jicho linatulia. Nusu saa, kuhusu vigae! Yeye hakuchoka kueleza na mimi sikuchoka kusikiliza. Gazeti langu la jana leo linafungia mihogo. Sakafu yake itakanyagwa miaka 20.

Haya, najua utakachosema. "Wewe unabonyeza kompyuta kwenye kivuli, halafu unatuhubiria tubebe zege." Hoja nzuri, tusiikwepe. Saidia fundi anabeba karai tangu asubuhi, analipwa kwa siku, mvua ikinyesha halipwi, hana kofia ngumu, hana buti, na mwenye nyumba akiamua kuzima simu, hela imekwenda. Mgongo ukikatika, pole yake. Wala sisemi kwamba kila karai lina raha ndani yake.

Lakini jiulize kwa nini iko hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo ipo. Hazifuatwi kwenye majengo yetu mengi kwa sababu tumeshaamua kwamba aliyepo pale ni mtu aliyefeli maisha, na aliyefeli hadai mkataba. Msomi mwenye nyumba anabishana na fundi kuhusu elfu tano, halafu jioni anaagiza kuku na haulizi bei.

Na dharau hiyo ina gharama. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar es Salaam, likaua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo, tukapoteza wengine zaidi ya 20. Kila likianguka jengo tunakumbuka kwa wiki moja kwamba anayechanganya zege ameshika uhai wetu. Wiki ya pili tunarudi kumwita kibarua.

Serikali imejaribu kwa maneno na kwa sheria. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu, 1967. Sheria iliyoanzisha VETA, 1994. Mkondo wa amali sekondari, kuanzia Januari 2024. Swali langu ni kwako wewe uliyesoma: mwanao akija na kusema amechagua amali, utachinja kuku au utaita kikao cha ukoo?

Dada zangu nao nawaambia. Wanawake wapo kwenye ujenzi siku zote: wanagonga kokoto Kunduchi, wanachota maji, wanapika chakula cha mafundi. Sehemu ngumu yenye malipo kiduchu wanaruhusiwa. Ikifika kwenye umeme, vigae na rangi, ndiko kwenye ujuzi na hela, ghafla tunaambiwa hiyo ni kazi ya wanaume. Ebo!

Sasa wewe mwenye bahasha ya kaki iliyochakaa kwa kuzungushwa Posta, sikwambii uchome cheti chako. Nasema jifunze ufundi mmoja mpaka uujue. VETA wana kozi fupi. Na waliojifunzia mtaani kuna utaratibu wa kupimwa na kurasimishiwa ujuzi wao. Mtaa umejaa mafundi wanaojua kazi lakini hawajui kuandika makadirio, wanakubaliana bei kwa kukisia, wanamaliza kazi na hasara. Wewe hesabu unazijua. Ukiongeza mikono, utakuwa na kitu ambacho wengi wao hawana na wewe sasa huna.

Na sisi wenye kujenga tuanze na madogo: andikianeni mkataba hata wa karatasi ya daftari, lipa siku mliyokubaliana, nunua kofia. Mzazi, tafuta tishio jingine.

Haya, karibuni tubishane. Rusheni mawe mnavyotaka. Yakitosha, namjua mwashi atakayetujengea msingi.