Akiba ya data huoza ufunguo ukipotea

WAHENGA walisema akiba haiozi. Methali hiyo sasa yahitaji kutiwa sharti, hasa kwa afisi za umma, benki na hospitali zinazoweka rekodi za wananchi katika kompyuta.

Moto uliozuka Septemba 26, 2025 katika kituo cha data cha serikali jijini Daejeon, Korea Kusini, uliteketeza terabaiti 858 za faili za watumishi wa umma. Faili hizo hazikuwa na nakala kwingineko. Funzo la wazi ni kwamba kila asasi iwe na nakala za akiba mbali na kituo chake. Hata hivyo, hiyo ni nusu tu ya kazi.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019, katika kifungu cha 41, inataja mambo mawili kwa pamoja: kusimba data ili wasiohusika wasiisome, na uwezo wa kuirejesha kwa wakati ufaao baada ya ajali. Mambo hayo huvutana. Data iliyosimbwa haisomeki bila ufunguo wake, na ufunguo wa kisasa wenye biti 256 haukisiki, si kwa mwizi wala kwa mwenye data.

Hapo ndipo wengi hukwama. Katika mfumo kama SQL Server, hifadhidata iliyosimbwa hairejesheki katika seva mpya hadi cheti cha kidijitali kinacholinda ufunguo kipelekwe huko kwanza. Iwapo cheti kilikuwa katika seva iliyoungua pekee, nakala hubaki nzima lakini haina faida. Kukiweka pamoja na nakala nako ni kumwachia mwizi sanduku na ufunguo wake. Aidha, funguo zinapobadilishwa, za zamani zisitupwe maadamu nakala zilizosimbwa kwazo zingali zinatunzwa.

Dawa yake si ghali. Funguo ziwekwe mbali na nakala, chini ya maafisa zaidi ya mmoja, ili kifo au kustaafu kwa mmoja kusifungie rekodi zote. Muhimu zaidi, asasi ifanye zoezi la kurejesha data katika mtambo mtupu, kwa kutumia yale tu yaliyohifadhiwa nje ya kituo.

Ripoti ya kila usiku kwamba nakala imechukuliwa haithibitishi kuwa itafunguka. Na mgonjwa ambaye rekodi zake zimegoma kufunguka hapati faraja kwa kuambiwa kwamba angalau hazikuibwa.