Karatasi za Binti wa Skuli Mbili



Mama mmoja wa Mombasa ameniletea suala ambalo naliona linawahusu wengi, kwani familia zetu zenye jamaa Oman na kwengineko katika Ghuba si haba. Binti yake alisoma kidato cha kwanza hapa, kisha akamfuata babake Maskati na kumalizia huko, katika skuli inayosomesha kwa Kiarabu. Sasa ataka kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka wake wa mwanzo Maskati alama zilianguka, hasa za fizikia na hisabati. Si ajabu: Kiarabu cha madrasa, pamoja na baraka zake, hakimtayarishi mtoto kusoma habari za umeme na mwendo. Wakala mmoja amewaambia walipe, na ripoti ya mwaka ule itatoka safi, na insha ataandikiwa. Mama auliza kama kuna ubaya, maadamu mtoto mwenyewe ana akili.

Ubaya upo, dada yangu, wala si mdogo. Ushahidi wa uongo umehesabiwa katika madhambi makubwa, na ripoti ya skuli ni ushahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, yahusu kuandika deni mbele ya mwandishi mwadilifu na mashahidi. Dini iliyoipa karatasi ya deni uzito huo haiwezi kuilegeza karatasi ya elimu.

Hata kwa hesabu ya dunia ni biashara mbovu. Fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, humtaka mwombaji athibitishe kwa sahihi yake kwamba kazi ni yake na habari ni za kweli. Uongo ukigunduliwa, chuo chaweza kuifuta nafasi hata baada ya kuitoa. Na ukifika hadi kwenye viza, sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo humfungia mlango daima aliyeomba kwa udanganyifu, isipokuwa apate msamaha maalumu. Wakala hatakuwapo siku hiyo.

Basi na afanye nini binti? Vyuo hivyo hutaka rekodi ya miaka minne ya mwisho, darasa la 9 hadi la 12, kwa hivyo kidato cha kwanza cha Mombasa nacho kimo ndani. Nendeni katika skuli yake ya zamani mapema mkaombe ripoti yenye muhuri na sahihi ya mwalimu mkuu; likizo ikiingia, afisi hufungwa. Karatasi za Maskati zilizo kwa Kiarabu zifasiriwe kwa Kiingereza na mfasiri anayetambuliwa, na tafsiri iambatanishwe na asili yake. Kwa kuwa alisoma kwa Kiarabu, atarajie kuombwa mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au IELTS. Fomu hufunguliwa tarehe 1 Agosti, na vyuo vingi hufunga milango mwanzoni mwa Januari.

Ama zile alama zilizoanguka, fomu yenyewe ina nafasi ya maelezo ya ziada. Hapo aandike kwa maneno yake, kwa ufupi na bila kulia: nilihama nchi, lugha ya masomo ikabadilika, na hivi ndivyo nilivyojinyanyua mwaka uliofuata. Mwalimu wa Maskati aliyemwona akijinyanyua aombwe kuandika barua. Anayesoma maombi akiona ripoti mbili za nchi mbili bila mtikisiko wowote, yeye pia ana macho.

Limebaki la fedha, na hapa ndipo wazazi wengi huteleza. Mikopo ya masomo ya serikali ya Marekani haimfikii mwanafunzi wa kigeni, na ile ya mashirika ya binafsi kwa kawaida ina riba na hutaka mdhamini mkaazi wa huko. Vipo vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo havitazami uwezo wa mzazi wakati wa kumchagua mtoto, hata wa kigeni, kisha hutimiza mahitaji yake yote. Lakini mlango wake ni mwembamba: Harvard huwakubali chini ya watano katika kila mia. Vyuo vingi vyengine hutazama mfuko wa mzazi. Wakiuliza mshahara wa baba na kodi ya nyumba mnayopangisha, semeni kama ilivyo. Kuificha nyumba ili mwana apewe msaada ni kula haki ya mtoto wa mwenziwe asiye na nyumba. Na ule mtindo wa kuazima pesa zikae benki wiki moja ili taarifa ya akaunti ipendeze ubalozini, nao ni uongo uleule uliovaa kanzu.

Mama ameuliza pia kuhusu binti kusafiri na kuishi mbali bila mahram. Suala hilo lina kauli za wanavyuoni zinazohitaji nafasi yake, nami nitalijibu peke yake wiki ijayo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.