Mteremko wa baiskeli: Jifunze breki kabla ya mbio

Mpanda ngazi hushuka, walinena wahenga, ila hawakutuachia maelezo ya namna ya kushuka. Wengi wetu hudhani kwamba kazi ya baiskeli mlimani ni kupanda tu, na kwamba kuteremka ni zawadi ya bure ya yule aliyetoka jasho. Anayejaribu mchezo wa kuteremka mlima kwa baiskeli kwa mara ya kwanza hugundua upesi kwamba mambo ni kinyume. Kupanda kunataka mapafu na subira. Kuteremka kunataka akili, na akili yenyewe hufanya kazi kupitia vidole.

Mchezo huu una historia yake. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, jimbo la California nchini Marekani, walikuwa wakikusanya baiskeli kuukuu zenye matairi manene na kuziteremsha kwa kasi katika barabara za vumbi milimani. Mnamo Oktoba 21, 1976, waliandaa shindano lao karibu na mji wa Fairfax, kwenye njia ya zaidi ya kilomita 3 iliyoshuka takriban mita 400. Baiskeli hizo zilikuwa na breki ya nyuma tu, ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Zilipofika chini, breki zilikuwa zimepata moto hata grisi ikawa moshi, na ikabidi gurudumu lifunguliwe katikati na kujazwa grisi upya. Ndiyo sababu shindano likaitwa Repack, yaani kujaza upya. Kutoka huko mchezo ulikua, na mwaka 1990 mashindano rasmi ya dunia ya baiskeli za mlimani yakafanyika kwa mara ya kwanza mjini Durango, Colorado, mteremko ukiwa mojawapo ya mbio zake.

Msomaji aliyekulia hapa kwetu atatabasamu. Ni nani asiyemkumbuka mtoto aliyepitisha mguu ndani ya fremu ya Black Mamba ya baba, akateremka mlima wa kwenda mtoni, na kufunga breki kwa kukandamiza soli ya kandambili kwenye tairi? Kijana wa California na mtoto wa Murang'a walikuwa na shida ile ile: mwendo walikuwa nao tele, lakini kitu cha kuusimamisha hawakuwa nacho.

Na hapo ndipo penye hatari. Mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa akigonga mti, kishindo chake ni sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka juu mita 3 na nusu. Mwendo ukiongezeka maradufu, nafasi anayohitaji ili asimame huwa mara nne. Hata mabingwa hawajasazwa. Mnamo Agosti 2022, Kenya ilimpoteza mwendeshaji wake hodari, Suleiman Kangangi, aliyeanguka akiwa mashindanoni katika barabara za changarawe huko Vermont, Marekani. Sisemi haya ili kumtisha mzazi akamnyang'anya mwanawe baiskeli. Nasema ili tujue somo la kwanza ni lipi.

Somo hilo nililipata katika vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kirefu kina mita 2,460. Kijana aliyetuongoza hakuturuhusu kuteremka kabla ya kufanya mazoezi ya breki mahali tambarare kwa karibu nusu saa. Kwanza alitutaka tujue ni mkono upi unaofunga gurudumu la mbele, maana baiskeli hazifanani. Kisha akaeleza kwamba breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa unapopunguza mwendo uzito wote huegemea mbele. Ukiibana kwa ghafla, gurudumu hukwama nawe ukarushwa juu ya usukani. Ukitegemea ya nyuma peke yake, tairi huburuta na baiskeli ikateleza. Dawa ni kubana zote mbili kidogo kidogo, kama mtu anayekamua limau asilotaka lipasuke.

Tulipoanza kushuka, kiti kilikuwa kimeteremshwa na hakuna aliyekikalia. Unasimama juu ya pedeli, zote zikiwa sawa kwa sawa ili moja isigonge jiwe. Magoti na viwiko hukunjwa kidogo, na mteremko ukiwa mkali, makalio husogezwa nyuma. Kona ikikaribia, unapunguza mwendo kabla ya kuifikia, si ukiwa ndani yake. Mimi nilikuwa nimekodolea macho jiwe moja lililokuwa mbele ya tairi. "Dada, jiwe usilitazame, tazama njia!" kijana akapiga kelele. Maneno yake yalikuwa ya kweli, kwani baiskeli hufuata macho. Nilipoinua uso nikaona njia ilikuwa pana kuliko nilivyodhani, na hofu ikapungua bila kuambiwa.

Kwa familia ya mjini inayotaka kujaribu, si lazima kuanza Ngong. Msitu wa Karura jijini Nairobi una njia za baiskeli zenye miinuko midogo, na baiskeli za kukodi hupatikana. Mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha nayo huruhusu wageni kuendesha baiskeli, na barabara yake imelala vizuri kwa anayeanza. Chagua mteremko ambao ungeweza kuushuka kwa miguu bila kushika chochote. Vaa kofia ngumu inayokutosha na kuifunga kidevuni, glavu, na viatu vilivyofunika vidole. Usiende peke yako, na usimwache mtoto akatangulia asikoonekana.

Kama fedha ni chache, usikimbilie kununua baiskeli ya kifahari. Ipeleke ile ya zamani kwa fundi, abadilishe raba za breki zilizokwisha na akaze nyaya. Kisha mwambie mtoto aendeshe uwanjani na kusimama pale ulipochora mstari, mara kumi bila kuuvuka. Siku atakapoweza hivyo bila kuburuta tairi, mpeleke kwenye mteremko mdogo. Asipoweza, mlima na usubiri. Kasi haina haja ya kufundishwa, kwani mteremko wenyewe utamgawia bila kumwomba ada.