Kwenye rali ukifika mapema unaadhibiwa. Sisi tunakimbilia wapi?

Safari Rally huisha Jumapili. Washindi wanapanda juu ya gari, picha zinapigwa, kombe linainuliwa. Saa chache baadaye mashindano mengine yanaanza, yasiyo na helmeti, yasiyo na ambulensi ya kusubiri. Hayo hufanyika kwenye barabara ya kutoka Naivasha kurudi Nairobi.

Unayajua. Taa za dharura zinawaka na hakuna dharura. Eksozi zinalipuka kama bunduki. Mtu ametoa kiwiliwili dirishani, simu mkononi, anarekodi. Mbele kuna lori, mbele ya lori kuna matatu, na kwenye mstari usiokatika kuna kijana ambaye ameamua kwamba leo yeye ni Sébastien Ogier.

Siandiki haya kama mzazi anayekemea wala afande wa trafiki. Mimi ni shabiki. Nimekula vumbi la Kedong hadi meno yakabadilika rangi. Nimelala kwenye hema Soysambu nikiamshwa na baridi kabla ya kengele ya simu. Tena nimewahi kuwa ndani ya mojawapo ya hayo magari ya Jumapili jioni, na nilikuwa nimekaa mbele, kushoto, kiti cha mwelekezi.

Rafiki yangu ndiye alikuwa anaendesha. Wanne nyuma, muziki juu. Tulipoanza kupanda kutoka Mai Mahiu alianza kupita malori, moja, mawili, matatu kwa mpigo. Nyuma walikuwa wanapiga kelele, "Kanyaga! Kanyaga!" Mimi nilikuwa narekodi. Kwenye kona moja tulikutana na lori linaloshuka. Sijui hadi leo tulipitaje. Kioo cha pembeni upande wa dereva kilibaki hapo barabarani. Kwa dakika nzima hakuna aliyesema kitu, kisha mmoja nyuma akacheka, na sote tukacheka, na video ikapandishwa mtandaoni kabla hatujafika Limuru. Watu waliipenda sana.

Nimeitazama ile video mara nyingi baadaye. Kinachoniuma ni kwamba kona niliiona kabla yake. Niliiona, nikaendelea kurekodi.

Ndiyo maana nataka tuongee kuhusu kile tunachodai kuiga.

Mapenzi yetu kwa haya magari yana historia. Colin McRae alishinda Safari 1997 akiwa na Subaru Impreza ya buluu, na Patrick Njiru alikuwa ameshawapa Wakenya sababu ya kushangilia Subaru kwenye miaka hiyohiyo ya tisini. Kuna watu wa rika letu waliozaliwa baada ya hapo lakini wanaijua ile rangi kama wanavyojua bendera. Gari halina kosa. Shida ni kwamba kwenye mbio tumechukua sauti na kasi, tukaacha kazi yenyewe.

Kazi yenyewe tuliiona 2021, Safari iliporudi kwenye mbio za dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Thierry Neuville aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika moja. Kwenye rali dakika ni kitu kikubwa, kuna mashindano yanayoamuliwa kwa sekunde. Mkondo wa kwanza wa Jumapili, pale Loldia, springi za nyuma za Hyundai yake zikasalimu amri, na mbio zake zikaishia hapo. Ogier, ambaye Ijumaa alikuwa ameachwa mbali gari lake lilipopata hitilafu, ndiye aliyepanda jukwaani kama mshindi. Takamoto Katsuta, ambaye hakuwa amewahi kufika tatu bora kwenye mbio za dunia, akamaliza wa pili.

Watu wakasema Ogier ana bahati. Mimi nasema Safari huwa inauliza kila dereva swali moja tu: je, gari lako litakuwa hai Jumapili? Ogier amelijibu swali hilo kwa miaka mingi kuliko karibu mtu yeyote, na ndiyo maana ana mataji 9 ya dunia. Ana kasi, ndiyo. Lakini mtazame kwenye mawe. Anapunguza. Mtazame kwenye mchanga laini unaofunika mashimo. Anapunguza tena. Anaweka kasi yake akiba hadi pale barabara inapomruhusu kuitumia.

Neuville naye si dereva mbaya, tuwe na haki. Alimaliza wa pili duniani mara 5 kabla ya kutwaa taji 2024. Hebu fikiria uvumilivu huo. Elfyn Evans, aliyeshinda hapa 2025 kwa zaidi ya dakika moja, si mtu wa mbwembwe pia. Ukimpa maikrofoni anaongea kama karani wa benki. Kwangu mimi huyo ndiye dereva wa kuiga kuliko wote, kwa sababu hakuna sekunde hata moja anayoitumia kujionyesha.

Sasa kuna sheria moja ya rali ambayo ningependa iandikwe kwenye bango kubwa pale mashabiki wanapotoka Naivasha. Kati ya mkondo na mkondo, magari ya mashindano hupita kwenye barabara za kawaida, pamoja na matatu, bodaboda na mbuzi. Huko hawashindani. Wanafuata sheria za trafiki kama mimi na wewe, na kila gari hupewa dakika kamili ya kufika kwenye kituo cha kukaguliwa muda. Ukichelewa, unaongezewa sekunde 10 kwa kila dakika. Ukifika mapema, unaongezewa dakika nzima kwa kila dakika.

Soma tena. Kufika mapema kuna adhabu mara 6 kuliko kuchelewa. Ndiyo maana ukiwa karibu na hivyo vituo utawaona mabingwa wa dunia wameegesha kando, wanatazama saa, wanangoja dakika yao. Mtu ambaye asubuhi alikuwa anapaa juu ya matuta ya Sleeping Warrior anangoja kama abiria wa stejini. Hao ndio tunaodai kuwaiga tukipita lori kwenye kona ili tufike Westlands dakika nne kabla ya wengine.

Na hata kwenye mkondo, dereva hajikimbizii tu. Barabara imefungwa. Kuna wasimamizi, kuna madaktari, kuna helikopta. Kabla ya mbio, kila gari huruhusiwa kupita kwenye mkondo mara mbili kwa mwendo wa taratibu, dereva akitaja kona moja moja na mwelekezi akiandika. Siku ya mbio mwelekezi anamsomea kona ambayo bado haijaonekana. Dereva anaingia kwenye vumbi asiloona chochote kwa sababu anaiamini sauti iliyo kando yake.

Kalle Rovanperä aliposhinda hapa 2022 alikuwa na miaka 21. Mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia mdogo zaidi kuwahi kutokea, siku moja baada ya kutimiza miaka 22. Vijana tulimpenda papo hapo, ni rika letu. Lakini kando yake alikaa Jonne Halttunen, mwanamume anayemzidi kwa takriban miaka 15, na kijana yule mwenye kipaji cha ajabu alikuwa akimsikiliza kila kona. Akiambiwa punguza, anapunguza.

Kwenye gari letu siku ile mwelekezi nilikuwa mimi. Na kazi yangu niliifanya vibaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa kiti hicho.

Hapa kuna wale watakaoniambia, "Wewe unaharibu form. Rali ni kasi, wachana na mahubiri." Nawaelewa. Lakini historia yetu wenyewe haikubaliani nao. Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari na 7 pekee ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 vilevile. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki wa hapa Kenya na Peugeot 404, gari ambalo babu yako huenda alipandia kwenda soko. Joginder Singh alishinda mara ya kwanza 1965 kwa Volvo iliyokuwa imeshatumiwa na mtu mwingine, kisha akaongeza ushindi wa 1974 na 1976. Alikuwa fundi wa magari. Aliijua kila nati, na aliendesha kama mtu anayejua kwamba ikivunjika ni yeye atakayeitengeneza. Shekhar Mehta alishinda mara 5. Ian Duncan akashinda 1994, na tangu hapo hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda Safari ikiwa kwenye mbio za dunia.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawa hawakuwa wenda pole. Walikuwa na kasi ya kutisha, ila walijua pa kuiweka.

Kuna jingine. Dereva wa rali amefungwa mkanda wa sehemu sita, amezungukwa na vyuma, amevaa nguo zisizoshika moto. Hata hivyo mwaka 2023 Craig Breen alifariki akifanya majaribio kabla ya mbio za Croatia. Alikuwa mtaalamu, na barabara ilimchukua. Sisi tuna mkanda ambao nusu ya watu nyuma hawafungi. Hapa Kenya barabara zinaua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka. Wengi wao hawakuwa wanashindana na yeyote. Walikuwa wanatembea, wako kwenye bodaboda, au wanateremka kwenye lori lao wakielekea nyumbani, kama yule dereva wa Mai Mahiu ambaye tulimwacha na kioo chetu na sikuwahi kuona uso wake.

Lakini lawama nisiwape vijana peke yao. Mtu mwenye gari na hamu ya kasi anaenda wapi nchi hii? Kuna otokrosi, na huko kuna hata kitengo cha magari ya kawaida yanayovutwa na magurudumu mawili. Hata hivyo, vijana wengi wa mtaani hawajui tarehe zake, na wakijua, gharama ya vifaa vya usalama inawarudisha nyumbani. Serikali hutenga pesa kwa ajili ya wiki moja ya Naivasha. Sehemu ndogo ya hizo ingetosha kufungua uwanja wenye usimamizi angalau wikendi moja kwa mwezi, mahali ambapo mtoto wa Umoja au Kayole anaweza kukodi helmeti, akafundishwa kupiga breki kwenye changarawe, akapimwa kwa saa. Mkenya wa kufuata nyayo za Duncan hatatoka kwenye video za Mai Mahiu. Atatoka mahali kama hapo. Wenye mamlaka ya michezo wanalijua hili, na kila mwaka Safari ikiisha wanakunja mahema wakaenda.

Huo uwanja haujafunguliwa bado. Jumapili ya Safari ijayo itafika kabla yake. Kwa hivyo nina ombi kwa wasee watakaokuwa kwenye gari, na simwombi dereva kwanza. Dereva amesifiwa siku nzima, damu imechemka, na nyuma mbogi inampigia kelele. Namwomba aliyekaa kushoto mbele.

Wewe ndiwe mwelekezi. Weka simu chini. Kona ukiiona, itaje. Lori ukiliona, liseme. Akikataa kusikia, mwambie asimame ushuke, hata kama ni Kinungi usiku na kuna ukungu. Atakasirika, atakuita muoga, huenda msiongee wiki mbili. Mimi ningelipa wiki mbili hizo kwa furaha.

Rafiki yangu bado anaendesha. Kioo alinunua kingine Kirinyaga Road siku iliyofuata, na tukitaniana huniita Halttunen. Ni jina ambalo bado sijalistahili. Safari ijayo tutaenda tena pamoja, tutakula vumbi, tutamshangilia kila Mkenya atakayepita hata kama ni wa mwisho. Na tukianza kupanda kutoka Mai Mahiu, muziki utashushwa na mimi nitaanza kusoma kona.